MGONGO UNAOUMA USILAZWE, UZOEZWE
Mkeka, khanga, mpini na dumu ni vyombo vya mazoezi



Katika Nyanda za Juu Kusini, mgongo ndio unaotulisha. Mgongo unainama kupalilia mahindi ya Ismani. Unainama kuchimba viazi mviringo kwenye vilima vya Mbeya. Unainama kupandikiza mpunga Mbarali. Unabeba kikapu cha majani ya chai Mufindi na Rungwe. Unabeba mbao katika msitu wa Sao Hill. Unabeba kuni, unabeba mtoto, unabeba maji. Mgongo wa mkulima ukigoma, nyumba nzima inatikisika.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Mvua za kwanza zimenyesha na majirani wanalima. Mama wa nyumba hiyo anaumwa kiuno, na huu ni mwezi wa tano. Amelala kitandani wiki mbili, lakini akiinuka maumivu yako palepale. Jirani mmoja anamwambia hiyo ni chango. Wa pili anasema pingili imehama. Wa tatu anamshauri anunue mkanda wa kiuno. Wa nne anasema, "Uzeni mbuzi wawili, mwende mjini, huko kuna mashine." Mume naye ameanza kunong'ona kwamba mke wake ni mvivu.

Nyumba za namna hii ni nyingi. Zinapoteza msimu wa kilimo, zinapoteza mbuzi, na zinapoteza amani.

Leo tunataka kujifunza jambo moja kubwa. Mgongo unaouma muda mrefu unahitaji kuzoezwa taratibu, siku baada ya siku. Na vyombo vya kuuzoezea vimo ndani ya nyumba yako.

MGONGO NI KITU GANI?

Mgongo si mfupa mmoja. Ni mifupa midogo mingi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Mifupa hiyo inaitwa pingili. Kiunoni kuna pingili 5 kubwa, kwa sababu hapo ndipo uzito wa mwili unapokaa. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini kinachonepa kama mpira. Kuzunguka pingili zote kuna misuli na kano.

Fikiri juu ya nguzo ndefu ya kutundikia waya wa redio. Nguzo hiyo inasimama kwa sababu imefungwa kamba pande zote. Kamba zikilegea, nguzo inayumba hata kama yenyewe ni nzima. Mgongo ni hivyo hivyo. Kamba zake ni misuli ya tumbo, ya kiuno, ya makalio na ya mapaja. Misuli hiyo ikiwa dhaifu, mgongo unachoka upesi na unauma.

MAUMIVU SUGU NI YAPI?

Mtu akilima siku nzima, kiuno humuuma. Maumivu hayo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache au wiki chache. Lakini yakiendelea zaidi ya miezi 3, yanaitwa maumivu sugu.

Hili si tatizo la kijiji chako peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Hiyo ni sawa na mtu 1 katika kila watu 13.

Kwa wagonjwa wengi wenye maumivu sugu, hakuna mfupa uliovunjika wala pingili iliyohama. Je, wanajifanya wagonjwa? Hapana. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Ila mishipa ya fahamu imekuwa mikali kupita kiasi. Mbwa wa nyumba iliyowahi kuibiwa hubweka hata jani likianguka. Mgongo uliouma muda mrefu nao hupiga kelele hata kwa jambo dogo. Kelele hizo hazina maana kwamba kila ukijongea kuna kitu kinakatika ndani.

Kwa hiyo mume asimwite mke wake mvivu, wala mke asimcheke mumewe. Aliye na maumivu asaidiwe, si kusutwa.

KULALA KITANDANI SI DAWA

Watu wengi wanadhani mgongo ukiuma ni lazima kulala hadi upone. Hata madaktari wa zamani waliwashauri wagonjwa hivyo. Siku hizi ushauri umebadilika.

Mwaka 1995 ilitolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika mji wa Helsinki, nchi ya Finland. Wafanyakazi 186 wa mji huo walikuwa wamepata maumivu mapya ya kiuno. Waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliambiwa lilale kitandani siku 2. Kundi la pili lilipewa mazoezi ya kunyoosha mgongo. Kundi la tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni wale walioendelea na shughuli zao. Waliolala walichelewa kuliko wote.

Kwa nini? Msuli usiotumika hudhoofika. Hebu tazama maksai. Ukimfunga zizini miezi miwili, siku ya kumtoa hawezi kuvuta plau kama zamani. Mkulima mwenye akili hamlimishi ekari nzima siku hiyo. Humlimisha mistari michache, kesho anaongeza kidogo, hadi nguvu zirudi. Mgongo wako ufanyie hivyo hivyo.

JE, NI LAZIMA KWENDA KWENYE MASHINE?

Mwezi Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno. Mwongozo huo unashauri mgonjwa aelimishwe na apewe mazoezi. Tena unataja mambo ambayo haushauri yawe tiba ya kawaida. Baadhi yake ni haya:

Mikanda ya kiuno.
Kuvutwa mgongo kwa mashine au kwa uzito.
Mashine ya kupitisha umeme mdogo kwenye ngozi.
Mashine ya kukanda mgongo kwa mawimbi ya sauti.
Dawa kali za maumivu za jamii ya kasumba.

Sasa fikiri juu ya wale mbuzi wawili. Ukiwauza ili ununue mkanda, mkanda utashika mgongo kwa muda, lakini hautaujengea nguvu.

Huko mjini kuna pia kumbi za mazoezi. Zina vyuma, mipira mikubwa na kamba za mpira. Vyombo hivyo si vibaya. Lakini msuli haujui bei ya chombo. Msuli unajua uzito, unajua kuvutika, na unajua idadi ya siku. Mvutano unaopatikana kwa kamba ya mpira unaweza kuupata kwa khanga. Uzito unaopatikana kwa chuma unaweza kuupata kwa dumu la maji.

KWANZA, KAGUA DALILI ZA HATARI

Kabla ya kuanza mazoezi, jikague. Usianze mazoezi, bali nenda zahanati au kituo cha afya, ukiwa na mojawapo ya dalili hizi:

1. Maumivu yalianza baada ya kuanguka kutoka juu ya mti, juu ya nyumba au kwenye pikipiki.

2. Mguu umekufa ganzi au unazidi kukosa nguvu.

3. Una ganzi katikati ya mapaja, au mkojo umekataa kutoka, au unashindwa kuzuia mkojo au choo kikubwa. Hapa usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

4. Una homa, unatoka jasho usiku, unakonda, au kuna kinundu kimetokea kwenye uti wa mgongo. Huenda ni kifua kikuu. Ugonjwa huo haushambulii mapafu tu, hushambulia pingili pia. Unatibika, na katika hospitali za Serikali dawa zake hutolewa bila malipo.

5. Homa inakuja na kuondoka, viungo vinauma, nawe unafuga ng'ombe au unakunywa maziwa mabichi. Huenda umeambukizwa ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Nenda ukapimwe. Na maziwa yachemshwe siku zote.

6. Mkojo unauma au una damu.

7. Maumivu ni makali usiku hata ukilala kimya, hasa kama una umri wa zaidi ya miaka 50 au umewahi kuugua saratani.

Mama mjamzito naye aulize kwanza kliniki ni mazoezi gani yanamfaa.

Mganga wa zahanati akiona haja, atakuandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Uchunguzi mkubwa zaidi hufanyika katika hospitali kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Ukifika, uliza kama yupo mtaalamu wa tiba ya viungo. Hao ni watu waliosomea kazi ya kurudisha nguvu za mwili kwa mazoezi. Hapa nchini wengi wao wamefundishwa KCMC, Moshi.

MAZOEZI SABA YA NYUMBANI

Kama huna dalili za hatari, anza. Tandika mkeka mahali pakavu. Akina mama wanaweza kuvaa suruali ndani ya kitenge, wakafanyia mazoezi chumbani au uani. Pumua kama kawaida. Usizuie pumzi. Usifanye kwa pupa.

Zoezi la 1: Kulala kifudifudi. Chombo: mkeka.
Lala kifudifudi kwa dakika 2. Kisha inua kifua, ukae juu ya viwiko kwa dakika 2. Mwisho weka viganja chini, unyooshe mikono pole pole ili kifua kipande juu. Kiuno na mapaja yabaki kwenye mkeka. Shuka, panda tena. Fanya mara 10.

Zoezi hili lina historia yake. Mwaka 1956, huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa tiba ya viungo aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mmoja akalale kifudifudi kitandani. Mgonjwa huyo alikuwa na maumivu ya kiuno na mguu. Kichwa cha kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia, naye McKenzie hakujua. Mgonjwa akalala hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma, kwa dakika kama 5. McKenzie aliporudi alishtuka. Lakini mgonjwa akamwambia kwamba maumivu ya mguu yameondoka. Tangu hapo McKenzie akaanza kuchunguza jinsi mgonjwa anavyoweza kujitibu kwa kuupeleka mgongo upande ule unaopunguza maumivu. Kitanda kile hakikuwa na mashine yoyote.

Angalizo: Zoezi hili halimfai kila mtu. Maumivu yakirudi juu kutoka mguuni kuja kiunoni, endelea. Yakishuka chini zaidi mguuni, acha zoezi hili, ufanye mengine.

Zoezi la 2: Magoti kifuani. Chombo: khanga.
Lala chali. Pitisha khanga nyuma ya mapaja. Shika ncha zake, uvute magoti kuja kifuani pole pole. Hesabu hadi 10, kisha legeza. Fanya mara 5.

Zoezi la 3: Daraja. Chombo: mkeka.
Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Inua makalio hadi mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani. Hesabu hadi 5, kisha shuka. Fanya mara 8.

Zoezi la 4: Mkono na mguu. Chombo: kikombe cha plastiki.
Piga magoti na uweke viganja chini, kama mtoto anayetambaa. Mwenzako akuwekee kiunoni kikombe chenye maji kidogo. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele. Hesabu hadi 5. Rudisha, kisha badili upande. Kikombe kisimwagike. Kikimwagika, umeyumba. Kikombe ndicho mwalimu wako. Fanya mara 5 kila upande.

Zoezi la 5: Kukaa na kusimama. Chombo: benchi au kiti.
Kaa kwenye benchi, mikono kifuani. Simama bila kushika kitu. Kaa tena pole pole, usijitupe. Fanya mara 8. Zoezi hili linajenga mapaja, na mapaja ndiyo yanayopaswa kubeba mizigo.

Zoezi la 6: Kuinama kwa nyonga. Chombo: mpini wa jembe.
Simama. Weka mpini nyuma yako, uguse kisogo, mgongo wa juu na makalio. Legeza magoti kidogo. Sasa inama kwa kusukuma makalio nyuma. Mpini uendelee kugusa sehemu zote tatu. Ukiachana na mwili, ujue umeinama kwa kupinda kiuno. Rudi juu. Fanya mara 8.

Zoezi la 7: Kuinua uzito. Chombo: dumu.
Inama kama ulivyojifunza kwa mpini. Inua dumu kutoka juu ya benchi, ulikumbatie karibu na mwili, usimame wima. Lirudishe. Fanya mara 8, siku 3 kwa wiki.

Dumu ni chombo bora kwa sababu linajipima lenyewe. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo hesabu yako ni hii:

Wiki ya 1: lita 2.
Wiki ya 2: lita 3.
Wiki ya 3: lita 4.
Wiki ya 4: lita 5.

Baada ya hapo chukua dumu kubwa zaidi, uendelee kuongeza lita 1 kila wiki. Wiki ya 9 utakuwa unainua lita 10. Haba na haba hujaza kibaba.

Mazoezi yote saba yanachukua kama dakika 20. Mengine sita yafanye siku 5 kwa wiki. Usitegemee kupona kwa siku tatu. Wape misuli yako wiki 8 hadi 12. Na wengine hawaponi kabisa, lakini hupata nafuu ya kuwawezesha kufanya kazi na kulala usingizi.

"LAKINI NINALIMA KUTWA, JE, HAYO SI MAZOEZI?"

Hili ni swali zuri, na wakulima wengi huliuliza. Jibu ni kwamba kulima ni kazi nzito, lakini si mazoezi yaliyopimwa.

Ukilima kwa jembe la mkono, unainama upande mmoja tu, mbele, kwa saa nyingi. Misuli ile ile inavutwa tangu asubuhi. Ile ya tumbo na makalio inafanya kazi kidogo. Wala huanzi na kidogo ukaongeza taratibu. Mvua ikinyesha, unatoka nyumbani ukaenda kulima siku nzima mara moja. Mazoezi yanafanya kinyume chake. Yanaunyoosha mgongo uliokuwa umeinama, yanaamsha misuli iliyolala, na yanaongezwa kwa hesabu.

KUTEMBEA NI ZOEZI LISILO NA CHOMBO

Mwaka 2024 ilitolewa taarifa kutoka Australia. Watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno walichunguzwa. Nusu yao walipewa mpango wa kutembea na mafunzo kutoka kwa mtaalamu. Waliongeza mwendo taratibu, wakilenga dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Wengine hawakupewa mpango huo. Kwa wale wasiopewa mpango, maumivu yalirudi baada ya siku kama 112. Kwa watembeaji yalichelewa hadi siku kama 208.

Nchi yetu ni ya milima. Kwa hiyo anza kwa kutembea mahali tambarare, kama uwanja wa shule, dakika 10 tu, bila mzigo kichwani. Kila wiki ongeza dakika 5. Ukizoea, panda kilima. Unaposhuka, shuka pole pole.

DAFTARI LA MGONGO

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, hapa kisomo chako kina kazi. Chukua daftari. Kila jioni andika mambo manne:

1. Tarehe.
2. Mazoezi uliyofanya na dakika ulizotembea.
3. Maumivu, kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Sifuri ni hakuna maumivu. Kumi ni maumivu makali kuliko yote.
4. Kazi uliyoweza kufanya leo.

Asubuhi linganisha. Kama maumivu ni yale yale au yamepungua, endelea. Kuuma kidogo siku za kwanza ni jambo la kawaida. Kama namba imepanda zaidi ya 2 na haishuki, punguza mazoezi kwa nusu, lakini usiache.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Mara nyingi nguvu za kufanya kazi hurudi kabla maumivu hayajaisha. Mtu anayetazama maumivu peke yake hukata tamaa. Lakini akisoma daftari lake ataona: wiki ya 2 nilifagia uwanja, wiki ya 5 nilichota lita 10, wiki ya 9 nilipalilia mistari 6. Hapo atajua anasonga mbele.

SHAMBANI NA KISIMANI

Mazoezi hayatoshi kama kazi yenyewe haibadiliki. Fanya yafuatayo:

Tia jembe mpini mrefu unaolingana na kimo chako, ili usiiname mno.

Badilisha kazi. Lima nusu saa, kisha fanya kazi ya kusimama. Ukisimama, weka viganja kiunoni, ujipinde nyuma mara 5.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Gawa maji hayo katika madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, au nenda mara mbili.

Tumia toroli, baiskeli au mkokoteni wa punda au ng'ombe. Mbeya ulikuwapo mradi wa kuwafundisha wakulima kutumia maksai katika miaka ya 1980. Kila mzigo unaobebwa na gurudumu ni mzigo uliotoka mgongoni mwa mtu.

Kataeni lumbesa. Sheria za vipimo hazitaki gunia la mazao lizidi kilo 100. Na hata gunia la kilo 100 si la mtu mmoja. Libebeni wawili au watatu.

Mwisho, kuchota maji na kukata kuni kusiwe kazi ya mama peke yake. Baba na vijana wakishika dumu, mgongo wa mama utapata nafasi ya kupona.

DAWA ZA DUKANI

Watu wengine hununua vidonge vya maumivu dukani na kumeza kila siku kwa miezi. Hiyo ni hatari. Vidonge kama daiklofenaki vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hasa kwa wazee. Vitumie kwa ushauri wa mganga na kwa muda mfupi. Kukandwa kwa maji ya moto si vibaya, mradi usiungue. Kunalegeza misuli ili mazoezi yawe rahisi. Lakini usichanjwe kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine.

TUFANYE PAMOJA

Mazoezi ya peke yako ni rahisi kuyaacha. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Hawakuishia kusoma tu.

Nasi tunaweza kufanya hivyo. Watu 8 au 10 wenye maumivu ya kiuno wakutane mara mbili kwa wiki, shuleni au chini ya mti. Mmoja asome makala hii kwa sauti. Wengine wafanye. Mhudumu wa afya wa kijiji aalikwe aone kama wanafanya sawasawa. Anayekosa kufika aulizwe hali yake.

Na yule mama tuliyemtaja mwanzoni? Akikaguliwa zahanati na kuonekana hana dalili za hatari, mbuzi wake wawili wabaki zizini. Atandike mkeka wake leo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Pingili: mfupa mmoja katika uti wa mgongo.
Sugu: isiyokwisha upesi.
Kifudifudi: kulala tumbo likiwa chini.
Ganzi: hali ya kutosikia ukiguswa.
Nyonga: mahali paja linapoungana na mwili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kulala kitandani muda mrefu kunadhoofisha mgongo?
2. Taja dalili tatu zinazompasa mgonjwa kwenda zahanati kabla ya mazoezi.
3. Dumu lenye lita 7 za maji lina uzito wa kilo ngapi? Utalifikia wiki ya ngapi?
4. Kulima na kufanya mazoezi kunatofautianaje?
5. Katika kijiji chetu, nani anabeba maji mengi kuliko wote? Tufanye nini kumpunguzia mzigo?